Ampu ya tyubu ya butiki kwa mpiga solo wa Kisumu: ya Marekani, ya Uingereza ama ya fundi wa Nakuru?

#1 SoloYaNyalenda
Wasee habari zenu. Napiga solo kwa bendi hapa Kisumu, benga ndio mingi, rumba kidogo, na Jumapili niko kanisani. Miaka yote nachomeka gita moja kwa moja kwa mixa ama kwa ile ampu ya tranzista ya bendi ambayo hata MC anaitumia. Sasa nimeweka pesa kando, laki tatu ikifika mlangoni na ushuru ukiwa ndani, nataka ampu ya tyubu (zile valvu za glasi) ya butiki, zile za karakana ndogo, waya zimefungwa kwa mkono.

Njia ziko tatu. Binamu yangu ako Ohio ameona Dr. Z Maz 18 ya mtumba, kombo (ampu na spika kwa boksi moja), ya volti 120. Pili kuna jamaa Nakuru anaunda zake, ananipigia debe ile style ya Fender ya zamani, 5E3. Tatu ningoje mtu anitolee kitu Uingereza. Kazi zetu nyingi ni matanga, Siaya, Bondo, Homa Bay, yaani hema na jenereta, hoteli ni mara moja moja. Nisaidieni kuchagua, na tafadhali mtu asiniambie ninunue Katana, ile ya tranzista ya Boss, hiyo najua iko.

#2 Nakuru_Toni
Bro jibu si uko nalo tayari. Huyo jamaa wa Nakuru karakana yake nimekaa ndani, 5E3 yake ukigusa nyuzi tu inakujibu. Tyubu mbili za 6V6, wati 12 hadi 15 hapo, volyumu mbili, toni moja, basi. Ukipiga polepole iko safi, ukikaza mkono inakohoa kidogo, hiyo kitu tranzista haikupatii. Fender walikuwa wanaiunda miaka ya 50 na mpaka leo dunia nzima inaiga. Chukua.

#3 NyarAlego_Bezi
Nakuru_Toni pole pole ndugu yangu, mtu amesema BENGA. Mimi napiga bezi na nimesimama kando ya masolo wengi, wacha nikuambie vile inakuwanga. 5E3 ni tamu lakini ni ampu ya kupasuka, volyumu ikipita robo hivi imeshaanza kuchafuka, sasa mimi niingie na bezi, mpiga drams aanze kick, watu wa hema waanze kushangilia, huyu atafanya nini kama si kuongeza volyumu? Akiongeza inapasuka zaidi na haisikiki zaidi.

Solo ya benga imetoka kwa nyatiti. Nyuzi nane zile, kila noti inasimama peke yake, kavu, iko juu, na inamjibu mwimbaji neno kwa neno. Sikiza rekodi za D.O. Misiani na Shirati Jazz ama za Victoria Jazz, hakuna ukungu kwa hiyo gita hata kidogo. Na omera wewe unajua ngoma ikifika klaimaksi gita ya second inabaki inazunguka pale pale, solo anapanda freti za mwisho huko juu anapiga noti fupi fupi za haraka. Ampu ikianza kulegea hapo, ile kitu ya kubana noti halafu kuziachilia kwa kuchelewa, noti zinagandana. Kwa bluzi hiyo ni utamu, kwa benga umepoteza maneno.

Kwa hivyo swali la kwanza sio butiki gani. Swali ni ampu itakaa safi mpaka wapi.

#4 FundiWaValvu
Madam amesema ukweli, naongeza sababu. 5E3 haina fidibaki hasi kwa sehemu ya pawa, yaani hakuna waya inayorudisha kiasi cha sauti ya spika nyuma ili kunyoosha mambo. Vox AC30 pia haina, na ndio maana zote mbili ziko na ule uhai na ukali. Fender za baadaye, Deluxe Reverb na Twin, ziko nayo, zinakaa safi muda mrefu halafu zikipasuka zinapasuka ghafla. Tena 5E3 iko na rektifaya (ya kugeuza stima ya AC kuwa DC) ya tyubu, ukipiga kodi nzito volti ya ndani inashuka kidogo halafu inarudi, huo ndio ulegevu madam anasema.

Sasa mimi shida yangu ni stima, hiyo ndio inanitolea kazi kwa benchi. SoloYaNyalenda ile Maz ya Ohio ni 120. Ukiichomeka kwa soketi yetu ya 240 fyuzi ikikuonea huruma utasikia tap, isipokuonea huruma utanusa. Utahitaji transfoma ya kushusha, sio zile konvata ndogo za safari za kudanganya mashine ya nywele, transfoma ya kweli yenye uzito, uwezo wa VA 500 nakushauri hata kama ampu inakula wati mia na kitu tu, ili isipate joto. Na watu husahau jambo moja: transfoma inabadilisha volti, haibadilishi hetzi. Marekani ni 60, sisi ni 50. Transfoma ya ndani ya ampu kama ilipimwa kwa 60 peke yake, ukiilisha 50 chuma chake kinajaa usumaku mapema, inanguruma na inachemka hata kama volti ni sahihi. Kwa hivyo mwambie binamu apige picha ya nyuma ya ampu pale waya ya stima inaingia. Ikiwa imeandikwa 50/60 uko sawa kwa hilo. Ikiwa ni 60 peke yake, achana nayo ama uhesabu gharama ya kubadilisha transfoma, na hiyo ni kazi na ni pesa.

Kuna ampu zinatoka na transfoma yenye waya za 100, 120, 230 na 240 zote ziko ndani, fundi anahamisha waya na kubadilisha fyuzi, kwisha. Usikisie. Chukua serial namba ya ampu muulize mwenye kuitengeneza, hiyo ndio raha ya karakana ndogo, mara nyingi anayekujibu ndiye aliyeishika.

#5 KinandaChaKanisa
Naingilia kwa wati kwa sababu watu hununua wati vile wananunua unga. Wati 15 kwenda 30 ni desibeli 3 tu. Ndio sikio lisikie sauti imekuwa mara mbili unahitaji kama desibeli 10, na hiyo ni wati mara kumi. Sasa angalia spika: Celestion Greenback ni desibeli 98 kwa wati moja, Vintage 30 ni 100. Kubadilisha spika tu umekaribia kupata ampu yenye nguvu mara mbili na haujalipa ushuru wa chochote kikubwa.

Kanisani kwetu hata wati 15 ni nyingi, ampu inawekwa maikrofoni mbele inapita kwa PA (spika kubwa za watu wote), pasta akikuangalia vibaya unashusha. Hemani pia kama mko na PA inayofaa ampu yako ni ya jukwaa, sio ya kufikia mtu amekaa chini ya mwembe kule mwisho. Wati 20 na kitu zenye usafi zinatosha. Twin ya wati 85 utailisha nini, na ni karibu kilo 29, nani anaibeba.

#6 JamaaWaBungoma
Wacha niwe mbaya kidogo. Hii maneno ya butiki ni jina tu mnanunua. Kuna ampu za Dumble zinauzwa zaidi ya dola laki moja, LAKI MOJA DOLA, ni waya na mbao. Benga inataka usafi, si basi Roland JC-120, iko tangu 1975, tranzista, safi mpaka mwisho, spika mbili za inchi 12, haina tyubu ya kuvunjika kwa barabara. Na wale wa rumba wameicharaza miaka yote. Unatafuta shida ya nini?

#7 NyarAlego_Bezi
Bungoma hujakosea na hakuna mtu atakukamata ukinunua JC. Lakini usafi wa JC na usafi wa tyubu sio kitu kimoja chini ya kidole. Solo mzuri anapiga nyingine kwa nguvu nyingine anaigusa tu, tyubu ikiwa karibu na kupasuka bila kupasuka inamwonyesha hiyo tofauti, noti iliyopigwa kwa nguvu inakuwa nene sio kubwa pekee. JC inakurudishia kile ulitoa, basi. Kuna siku hiyo ndio unataka. Huyu amesema anataka tyubu na pesa ni zake.

Dumble mwenyewe alifariki 2022 na aliunda chache kwa mkono, bei hiyo ni ya wakusanyaji vitu, sio ya wapiga gita. Usiitumie kupima butiki zote.

#8 Mluhya_wa_Leeds
Niko huku Uingereza, nyumbani ni upande wa Luanda. Nashangaa hakuna mtu amesema: stima ya huku ni hetzi 50, volti 230 kwa karatasi na mara nyingi kwa ukuta ni karibu 240, na plagi ni hiyo hiyo yetu ya miguu mitatu ya bapa. Ampu iliyouzwa hapa unaitoa kwa boksi unaichomeka Kisumu. Hakuna transfoma ya kushusha, hakuna hesabu ya hetzi. Karakana ndogo ziko, Matamp wako Huddersfield hapa karibu, Victory nao, na soko la mtumba liko hai. Ampu ya Kimarekani ikiuzwa rasmi huku pia inakuja na transfoma ya huku, kwa hivyo hata Dr. Z unaweza kuipata ya 230, bei ndio itakuuma.

Kuhusu ndege, mashirika mengi begi ni kilo 23 na juu ya 32 hawapokei kama mzigo wa kawaida. Deluxe Reverb ni kilo 19 hivi, ukiongeza boksi ya kuilinda umeshafika. AC30 ni kilo 32, sahau. Hedi, yaani ampu bila spika, ndio mpango, boksi la spika mtaunda huko. Tyubu chomoa zote, funga kila moja kwa soksi uweke begi ya mkono, na uandike kwa karatasi ya gundi ilikuwa tundu gani.

#9 SoloYaNyalenda
Asanteni sana, uzi umeshiba. Maswali yangu: moja, jenereta. Kazi zetu nyingi ni ile ya petroli ya kukodisha, inawasha taa, PA, kinanda na friji ya soda za wageni. Tyubu zitavumilia? Mbili, hiyo ya kuweka maikrofoni mwimbaji wetu hupigwa na stima mdomoni tukiwa vijijini, ampu ya tyubu itaongeza ama?

#10 FundiWaValvu
Haya, hapa ndio penyewe. Chukua kiti.

Jenereta ndogo ya petroli volti yake na hetzi yake zinafuata injini. PA ikipiga besi kubwa injini inalemewa sekunde moja, unaona taa za hema zinapepesa, hizo taa ndizo mita yako ya bure. Zikipepesa, ampu nayo inapepesa. Tyubu zako zinawashwa na hita ya volti 6.3. Stima ikishuka toka 240 hadi 200 ile hita inabaki na 5.25, sauti inachoka, noti zinakuwa baridi. Hiyo haiui haraka. Ya kuua ni ile ingine, mtu amezima PA yote mara moja, jenereta inaruka juu kabla injini haijajua, unapata 260, 270. Hita inapanda, volti za ndani zinapanda, kapasita ya zamani inaanza kuvimba. Dawa ni stabilaiza ya sawa ya VA 1000 kwa ajili ya ampu peke yake, sio ya kugawana na friji ya soda. Na utaratibu: ampu inawashwa mwisho na inazimwa kwanza, kabla mtu yeyote hajagusa swichi ya PA. Hiyo haigharimu kitu.

Mkitumia inverta na betri, iwe ya wimbi safi. Zile za bei rahisi zinatoa wimbi la ngazi ngazi, transfoma ya ampu inaimba zzzz na hiyo zzzz inaingia kwa spika.

Sasa mdomo. Mwimbaji akishika nyuzi za gita na mdomo ukigusa maikrofoni, yeye ndiye waya kati ya ampu na mixa. Akipigwa maana yake mojawapo haina athi (waya ya ardhi), ama zimetoka mahali tofauti, mixa imetoka kwa jenereta na ampu imetoka kwa nyumba ya jirani. Chomeni vyote kwa chanzo kimoja, eksitensheni zenye athi ya kweli, na fimbo ya athi ichomekwe ardhini kando ya jenereta, sehemu yenye unyevu. Na hiyo tabia ya kusukuma biro kwa tundu la juu la soketi ndio plagi ya miguu miwili iingie, kwa ampu ya tyubu usiijaribu. Ndani kuna volti 350 mpaka 450 zimekaa kwa kapasita, hata ukishachomoa zinaweza kubaki. Athi ndiyo inakutenga na hizo volti, siku kitu kikilegea ndani. Kama ni ya Marekani ina plagi yao ya miguu mitatu, badilisha plagi vizuri, mguu wa athi uunganishwe, wacha adapta ya miguu miwili.

Ndio maana napenda uangalie kama ampu inaweza kufunguliwa na mtu wa hapa. Ile iliyofungwa kwa mkono kwa bodi ya vishikizo, kila resista naiona, naitoa, naweka ingine kutoka duka lolote la spea za redio. Ile ya sakiti bodi nyembamba ambayo tundu za tyubu zimechomwa papo hapo kwa bodi, joto la tyubu kama EL84 linaipika miaka, njia zinainuka. Fender Blues Junior nyingi zinakuja kwangu na hiyo. Sio ampu mbaya, ni ngumu kurekebisha tu.

#11 KinandaChaKanisa
Hii ya wimbi la ngazi imenifungua. Kinanda changu kilikuwa kinaimba hivyo harusi nzima na watu wa inverta walinilaumu mimi.

#12 Nakuru_Toni
Sawa nakubali 5E3 sio ya benga, lakini msimtupe fundi wa Nakuru. Sababu: yeye haundi moja tu. Ukimwambia unataka nini anakuundia. Mtu anaagiza ampu kwa jina wakati anaweza kuagiza kwa kazi. Transfoma anaagiza zenye praimari (upande stima inaingia) ya 240 kutoka mwanzo, kwa hivyo hiyo shida yote ya Ohio haiko. Na ikiharibika ni mwendo wa Nakuru Kisumu sio wa meli.

Upande wa ushuru pia, wewe unaleta vipande vichache, lakini ampu nzima ya nje VAT ya asilimia 16 inapigwa juu ya bei pamoja na usafiri pamoja na ushuru wa forodha, sio juu ya bei pekee. Watu hukadiria 16 ya bei wakafika huko wakashtuka.

#13 JamaaWaBungoma
Na tyubu zenyewe je? Zikiisha utatoa wapi? Kakamega hakuna, Bungoma hakuna, Kisumu sijui kama ziko.

#14 FundiWaValvu
Zinaagizwa, na hapo pia ndio uchaguzi unaingia. Viwanda vya tyubu za ampu za gita duniani vimebaki vya kuhesabu kwa vidole: Saratov huko Urusi, JJ huko Slovakia, na China. 2022 Urusi ilipozuia bidhaa kadhaa zisitoke nje, tyubu zikiwemo, bei iliruka kila mahali na watu wakaanza kuficha. Kwa hivyo chagua ampu inayotumia tyubu za kawaida kabisa: 12AX7, ambayo Wazungu wa Ulaya wanaiita ECC83, ni ile ile, na 6V6, EL84, 6L6 ama EL34. Ogopa zenye tyubu ya ajabu. Kuna butiki maarufu zinatumia EF86 kwa priampu (hatua ya kwanza ya kukuza sauti), Matchless DC-30 iko nayo kwa chaneli moja. Sauti ni nzuri kupita kiasi lakini EF86 inajulikana kwa kusikia mitikisiko, ukiiweka kwa kombo, spika inatetemesha boksi, tyubu inageuka maikrofoni. Sasa umeibeba kwa Probox kutoka Kisian mpaka Bondo.

Kupima hiyo ni rahisi. Washa ampu, volyumu nusu, chukua penseli ya mbao ugonge kila tyubu ya priampu polepole kwa upande wa kifutio. Utasikia tk ndogo kwa spika, hiyo ni kawaida hasa tyubu ya kwanza. Ukisikia ting yenye mlio unaobaki unalia kama glasi, hiyo tyubu toa. Ukimtembelea fundi wa Nakuru mfanyie hivyo mbele yake, mtu anayejua kazi hatakasirika. Halafu zima taa za karakana uangalie zile tyubu mbili kubwa ampu ikiwa inafanya kazi. Mwanga wa chungwa katikati ni hita, uzuri. Lakini bati la kijivu la nje likianza kuwa jekundu, zima hapo hapo, bayasi (ile stima inayopanga tyubu ifanye kazi kwa kiasi gani) imekosa ama tyubu imekufa, na ukiacha dakika chache transfoma ya kutoa sauti inaenda nayo.

Na bayasi yenyewe. Ampu zenye bayasi ya kathodi zinajirekebisha, unanunua jozi inayolingana unachomeka. Zenye bayasi ya kudumu, kama Deluxe Reverb na Twin, kila ukibadilisha tyubu za pawa fundi mwenye mita apime. Hizo za kudumu ndizo hukaa safi zaidi, kwa hivyo ukitaka usafi umejiletea mita. Mwambie Nakuru aweke vitundu vya kupimia nje ya chesi (fremu ya chuma) pamoja na skrubu ya kurekebisha, upime bila kufungua mahali kuna volti 400. Sisemi ufanye wewe, nasema hata fundi wa redio wa Siaya ataweza.

#15 NyarAlego_Bezi
Hiyo ya vitundu ni akili. Mimi pendekezo langu sasa hivi: mwambie Nakuru akuundie mzunguko wa Deluxe Reverb, 6V6 mbili, wati 22, atoe vibrato kama hutumii, riverbu abakishe ya springi kwa ajili ya rumba na kanisa. Fidibaki hasi iko, treble iko, na ukipata spika ya desibeli 100 utanisikia nikilalamika kwa mara ya kwanza kwamba solo iko juu.

Wati 22 itaanza kupasuka karibu na nusu ya volyumu, usinunue ukidhani haipasuki kabisa. Ukitaka ile ya kuchelewa zaidi kupasuka ni 6L6 mbili, wati 40, na uzito wake na transfoma zake kubwa na bei. Kwa hema na maikrofoni mbele, 22 tosha.

#16 Mluhya_wa_Leeds
Nakubaliana na madam hata kama nilitaka kupata kisingizio cha kuja nyumbani na ampu. Spika naweza kuleta, mbili za inchi 12 zinaingia begi moja na bado iko nafasi ya chai. Kwa kombo za huku mtakuwa mmelipa jina na usafiri.

#17 SoloYaNyalenda
Muuzaji wa Ohio hajajibu picha ya nyuma na binamu anasema kuna mtu ametoa depo, kwa hivyo hiyo imejiondoa. Nimeongea na fundi wa Nakuru leo jioni. Amekubali mzunguko wa Deluxe Reverb, hedi, 240 pekee, bila vibrato, riverbu iko, vitundu vya bayasi nje bila kubishana. Nilimuuliza habari ya penseli akacheka akasema njoo na yako. Bei inabaki ndani ya laki tatu na inaacha kidogo ya stabilaiza na spika za Leeds. Boksi la spika nataka liundwe Kibuye kwa wale wa fanicha, nani amewahi?

#18 FundiWaValvu
Kibuye watakuundia safi ukiwapa vipimo na ukisimama hapo. Plaiwudi ya milimita 18, kona ziungwe kwa meno na gundi, sio misumari mitupu. Usikubali chipbodi hata wakikuambia ni nzito ndio bora, hii hewa ya ziwa inaivimbisha na skrubu zinaachia, baada ya msimu mmoja wa mvua boksi linatoa prrr kwa noti za chini. Nyuma usifunge kabisa, acha uwazi wa kama theluthi katikati, sauti isambae hadi kwa mpiga drams na mwimbaji, maana hemani watu hawasimami mbele yako tu. Kitambaa cha mbele kisiwe kizito, kile cha makochi kinakula treble.

Sasa sikiza vizuri kabla Leeds hajanunua. Deluxe Reverb hutoka kwa omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa spika). Ukiweka spika mbili za omu 8 sambamba unapata 4, ukiziweka kwa mfululizo unapata 16, zote hazilingani. Mwambie alete mbili za omu 16, sambamba zinatoa 8. Ama umwombe fundi wa Nakuru atumie transfoma ya kutoa yenye 4, 8 na 16 na swichi, hiyo ni bora kwa sababu siku umekodisha boksi la mtu mwingine hutahangaika. Waya ya kutoka hedi kwenda boksi iwe ya spika, nene, sio waya ya gita, ile nyembamba ya gita haijaundwa kwa hiyo kazi. Na hedi isiwashwe kamwe bila spika kuchomekwa, hata ya kujaribu kama taa inawaka. Tranzista inavumilia hiyo, tyubu inakula transfoma.

#19 KinandaChaKanisa
Spika mbili pia zinasaidia mambo ya wati nilisema, kila moja inabeba nusu, hata zile za wati 25 mbili zinabeba hedi ya 22 bila jasho. Greenback mbili za omu 16 basi? Ni 98 kila moja lakini zikiwa mbili zinafidia.

#20 NyarAlego_Bezi
Greenback moja na Vintage 30 moja. Greenback peke yake ni laini sana kwa solo ya juu, Vintage peke yake inachoma masikio ukiwa karibu. Zichanganye, maikrofoni iwekwe kwa Vintage kwa benga, kanisani iwekwe kwa Greenback.

#21 SoloYaNyalenda
Imeandikwa. Omu 16 zote mbili, moja moja. Leeds nakutumia ujumbe wa pesa. Depo ya Nakuru naituma kesho, na nitarudisha rekodi hapa ya hemani sio ya chumbani.

#22 JamaaWaBungoma
Nikiwa hapa, hii hedi ya wati 22 naweza chomeka bezi?

#23 NyarAlego_Bezi
Fungua uzi wako Bungoma.